Sindano Aliyomwekea Mama

Mtaani kwetu Malindi, mwanamke akifariki, kulikuwa na mtu mmoja aliyepigiwa simu mwanzo, kabla ya jamaa walioko Mombasa, kabla ya watu wa mahema na viti. Alikuwa mwosha maiti wetu, upande wa wanawake. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini tangu nipate akili zangu sikumsikia mtu akilitaja. Watu wazima walisema "mwiteni Mwosha," na sisi watoto tulilisema neno hilo kwa sauti ya chini, maana tuliogopa akitusikia atageuka atutazame. Mimi nilimwita mama mkubwa. Alikuwa shoga wa mama yangu tangu usichana wao, na mama alinikanya nisimwite kwa kazi yake.

Tangu naye afariki nasikia watu wanavyomsifu, na mimi hukasirika. Wamemfanya mtu mpole, wa maneno laini na tasbihi mkononi. Mpole wa wapi. Akiingia nyumba ya msiba alisalimu, akauliza maji yako wapi, kisha akaanza kutoa watu chumbani: wewe toka, na wewe, na wewe unayelia kwa sauti nenda ukalie uani. Aliwahi kumtoa mke wa chifu, simu sikioni, akamwambia akaendelee na mazungumzo yake barabarani. Chai ya msibani hakuinywa hata abembelezwe vipi. Akimaliza kazi alinawa, akavaa buibui lake, akaenda zake.

Ndani ya chumba kile lakini alikuwa mtu mwengine. Hayo nilikuja kuyajua ukubwani, alipoanza kunichukua nimsaidie kumimina maji. Alifanya kazi kimya. Sauti yake uliisikia kwa jambo moja tu, nalo ni stara. Shuka likisogea kidogo alikupiga kikofi cha mkono na kusema, "Mfunike. Hata sasa ana haya." Maji aliyapima kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Nywele za marehemu alizichana taratibu, akazisuka mikia mitatu, na zikiwa na mafundo alihangaika na fundo moja moja, hakukata. Alichokiona kwenye mwili wa mtu, kovu au alama ya kipigo, alitoka nacho akaenda nacho kwake. Majirani walimzengea sana. "Eti bibi, uso wake ulikuwaje?" Jibu lake lilikuwa hilo hilo kila mara: "Ulikuwa uso wake."

Basi mtu huyu aliyeshika maiti bila mkono kutetemeka aliogopa mjusi. Mjusi wa ukutani akidondoka karibu naye, alikuwa juu ya kitanda kabla hujajua kuna nini. Aliogopa sindano pia, na hilo lilikuja kumtesa. Alikuwa na sukari, na bado alikula halua kwa kijiko cha chai, akidai kijiko kidogo hakimdhuru mtu. Na alipenda harusi kupita kiasi. Angejipamba kwa asumini, akakaa mbele kabisa karibu na ngoma, akapiga vigelegele kuliko mama wa bi harusi. Wanawake waliokaa ubavuni pake walijisogeza kidogo kidogo wasigusane naye. Aliona. Hakuna kitu ambacho hakukiona.

Ni ile mikono. Wapo waliokubali iwaoshe mama zao lakini hawakukubali iwapikie. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikataa visheti alivyoleta siku ya Idi, nikasema vina harufu ya kafuri. Mama hakunipiga. Alichukua kisheti akala mbele yangu, akala cha pili, kisha akaenda akamtolea shoga yake unga na siagi akamwambia, "Nikandie vyengine, hivi vimekwisha." Tangu hapo kila Idi ndogo na kila Idi ya mfungo tatu, visheti vya nyumbani kwetu vilikandwa na mikono ile. Huko jikoni ndiko walikowekeana ahadi yao. Nilikuwepo, nachambua mchele.

"Nikitangulia mimi," Mwosha alisema, "wewe huwezi kuniosha, huna moyo huo. Utaanguka ndani ya beseni. Lakini ukitangulia wewe, nitakuosha mimi mwenyewe. Sitaki mkono wa mtu mwengine ukuguse."

"Ahadi?" mama akauliza.

"Ahadi, wallahi."

Walisema kama watu wanaopangana kwenda sokoni. Lakini mama alilitilia neno hilo maanani kuliko hata nilivyofikiri. Alikuwa mtu wa haya nyingi, hata sisi wanawe hatukuwahi kumwona mgongo wake. Kilichomtisha katika kufa, aliniambia baadaye, hakikuwa kaburi. Kilikuwa kufunuliwa na asiyemjua.

Mlango wa chumba cha kuoshea, Mwosha aliufunga kwa kila mtu isipokuwa wasaidizi wake. Mara moja tu nilimwona akivunja sharti hilo. Alifariki mke wa jirani yetu, msichana wa Kigiriama aliyesilimu alipoolewa. Mama yake mzazi, Mkristo, alifika kutoka Vitengeni na matope ya safari miguuni, akasimama mlangoni. "Mino ni mamake," akasema kwa Kigiriama, kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba dini yake siyo, hafai kuingia. Mwosha akamtazama yule mama tangu juu hadi chini.

"Umewahi kumwosha huyu?"

"Tangu kuzaliwa."

"Basi ingia, ushike kata ya maji."

Waliokuja kumlaumu baadaye aliwaambia wakamshitaki kwa kadhi.

Sasa nije kwenye mguu, maana ndio uliomwumiza roho miaka yake ya mwisho. Kifundo cha mguu wa kulia kiliteguka zamani, ujanani, kikakandwa kwa mafuta na kufungwa kitambaa, kikaachwa. Juu ya hicho alisimama umri mzima kwenye sakafu za simiti zilizolowa maji. Kikaingia yabisi. Asubuhi kilikaza kabisa asiweze kukikunja, jioni kilivimba hata kiatu hakimwingii. Watu hudhani kuosha maiti ni kazi ya mikono. Ni kazi ya miguu. Unazunguka kitanda mara nyingi, sakafu inateleza kwa sabuni na majani ya mkunazi, na unapomgeuza marehemu ubavu, uzito wake wote unaupokea kwa kifundo. Mguu usiposhika, utamwangusha. Hilo la kumwangusha mtu ndilo alilokuwa akiliota.

Tulimwambia awe anakaa, awaelekeze wasichana aliowafundisha. Akasema hakai. Akaletwa ustadhi wa msikitini kumweleza kwamba mwenye udhuru hana makosa akiosha huku amekaa. Alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Najua, mwanangu. Mimi sikusema ni dhambi. Nimesema sikai."

Mimi nafanya kazi Kilifi, hoteli moja ya Bofa, na likizo moja nilipokuja nyumbani nikamchukua kwa nguvu hadi kwa daktari wa mifupa. Daktari mwenyewe kijana wa bara, mpole, Kiswahili chake cha haraka haraka. Alimpaka kifundoni mafuta ya baridi, akaweka kifaa cha kupiga picha apate kuiona sindano ikiingia katikati ya mifupa. Mama mkubwa alifumba macho, akanishika mkono hata vidole vyangu vikafa ganzi, akawa anasoma kila sura anayoijua.

"Mama, hii ni steroidi," daktari alimwambia alipokwisha. "Haiponyeshi hiyo yabisi, inatuliza tu uvimbe na uchungu. Nimechanganya na ganzi, kwa hivyo leo utaona uko sawa. Usidanganyike. Ganzi itaisha, pengine uumwe tena kidogo, halafu dawa yenyewe ianze kushika baada ya siku kadhaa. Huo mguu upumzishe. Na sukari uiangalie, itapanda."

Katika maneno yote hayo yeye alisikia mawili, "uko sawa." Alitoka pale akitembea kama msichana, akanicheka mimi ninayemfuata nyuma na mkongojo wake. Asubuhi yake alifariki mwanamke huko Sabaki. Akapanda bodaboda akaenda, akasimama, akaosha, akarudi. Jioni mguu ulikuwa umevimba hadi ugokoni na sukari imepanda vibaya. Nilimgombeza, nikamwambia daktari alisemaje.

"Na yule ningemwambia nini?" akanijibu. "Angoje, mimi niko mapumzikoni?"

Hata hivyo mguu ulipotulia, dawa ilifanya kazi yake. Tulimwona akienda sokoni peke yake, akipanda ngazi, akisujudu na kuinuka bila kushika ukuta. Akaamini amepona, akamgaia jirani ule mkongojo. Miezi ikapita, maumivu yakarudi kama hayakuwahi kuondoka. Akachomwa mara ya pili, nayo ikamsaidia, lakini ilikwisha nguvu upesi kuliko ile ya kwanza. Daktari akamwambia ukweli. Sindano hizi hazifuatanishwi, zikikaribiana zinakula hata ule ulaini uliobaki kati ya mifupa. Atampa moja zaidi, wakati atakaochagua mwenyewe, na baada ya hapo hatampa tena kwa muda mrefu. Akamtajia upasuaji wa kuunganisha mifupa ya kifundo. Mama mkubwa akamwuliza kama atabaki anaweza kukikunja. Daktari akasema hapana, lakini hakitauma. Akashukuru, akasema hapana yeye pia.

Wakati huo moyo wa mama ulikuwa umechoka, nami nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nirudi kumwuguza. Alilala ameegemezwa mito, pumzi fupi, miguu imejaa maji. Madaktari hawakutupa ahadi. Mwosha alikuja kumwona kila siku, akiburura mguu, akishika ukuta wa nyumba hii na hii mpaka afike kwetu. Ilinichoma roho kumtazama.

"Mama mkubwa, si twende ukachomwe ile ya tatu?"

"Bado."

"Bado nini, na wewe wataabika hivi?"

Akaniita jikoni, mbali na mama. "Ile si yangu," akasema. "Nimemwekea mama yako."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza namna ya kukata sanda. Kama ataichoma sasa, na mama akaishi, itakwisha nguvu, na siku ikifika hatakuwa na mguu wa kusimamia wala sindano nyengine. Kama atangoja mpaka mwenzake afariki, itakuwa imechelewa, kwa sababu dawa hutaka siku kadhaa ndipo ishike, na sisi maiti wetu aliyefariki alfajiri huzikwa kabla ya magharibi. Kwa hivyo lazima aichome kabla, karibu na siku yenyewe. Na siku yenyewe nani aijuaye.

"Nikienda kuchoma, ni kama nimesema anakwenda," akasema. "Mimi ndiye niwe wa kulisema?"

Nilimlazimisha angalau tukaulize. Akamwuliza daktari, "Nikichomwa leo, kesho nasimama?"

"Hapana mama, nilikwambia. Kwani kuna nini? Kuna harusi?"

"Kuna mtu nataka kumwosha."

"Lini?"

Daktari alinitazama mimi, nami nikatazama chini. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa aliweka kalamu mezani. "Hapo sijui nikusaidie vipi, mama," akasema. Mama mkubwa ndiye aliyemliwaza, akamwambia si kosa lake.

Haya yote mama aliyajua. Wale wawili hawakufichana kitu maisha yao yote, na hili pia Mwosha alimwambia, siku moja waliyokuwa peke yao. Basi ikawa kila akiingia anachechemea, mama humkaribisha kwa furaha, "Karibu, kiwete wangu." Niliona si adabu, nikamwambia mama asimcheke mgonjwa mwenzake. Mama akanijibu, "Mwache achechemee. Siku akija amenyooka ndiyo nitajua mwenzangu amenikatia tamaa." Nilitoka nje nikalia. Kutoka siku hiyo nami nikawa namtazama miguu kabla ya uso.

Kukaja wiki mbaya. Mama hakuweza kulala wala kula, usiku na mchana ni kutafuta pumzi. Mara Mwosha naye akakatika kuja. Tulipotuma mtu akasema ana homa. Mama aliulizia kila asubuhi, kisha akaacha kuulizia.

Alikuja Ijumaa, asubuhi. Alipita mlangoni amenyooka, bila kushika ukuta, bila kuburura. Safari hii alikuwa amemtii daktari, kumbe siku zote zile alikuwa kwake ameupumzisha mguu juu ya mto. Mama alikuwa amepata nafuu kidogo, yuko macho. Aliutazama ule mguu kutoka mlangoni hadi kitandani.

"Umechoma," mama akasema.

"Nimechoma."

"Waniona nakwenda."

"Sijui, mwenzangu. Sijui kitu. Niliogopa nisije nikachelewa."

Akalia. Mtu huyu aliyekuwa akiwatoa watu chumbani kwa kulia, alilia kwa sauti, kichwa juu ya godoro, na mimi sikuwa na pa kuyaweka macho yangu. Mama alimwacha. Alimshika kichwa tu, akamwondolea nywele usoni. Kilio kilipopungua akamwuliza, "Sasa hivi mguu wauma?"

"Hauumi."

"Waweza kusimama?"

"Naweza."

"Basi nioshe leo," mama akasema. "Leo nasikia maji."

Mwosha akainua uso. "Sijamwosha mtu mzima aliye hai, mimi."

"Utajifunza. Na maji yawe ya moto, mimi si maiti."

Nilichemsha maji, nikatia mrehani. Tulimbeba mama hadi msalani, tukamkalisha kwenye kigoda, leso moja kifuani na nyengine magotini. Kisha mama mkubwa akanitoa nje. Nilikaa kwenye kizingiti, na mlango haukufungwa vizuri, kwa hivyo nilisikia. Mwanzo palikuwa kimya, maji tu yakimwagika, kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyozoea. Halafu nikamsikia mama akisema, "Sema nami, mwanamke." Wakaanza kuzungumza. Walizungumza harusi za zamani, nani alivaa nini, nani alikimbiwa na mume. Mama alikatika pumzi akacheka, akatulia, akaanza tena. Mwosha alimwambia mgongo wake ni mzuri, umekaaje umefichwa miaka yote hii. Alisimama muda wote. Maji yalipopoa waliniita niongeze mengine.

Mama aliishi zaidi ya tulivyodhani. Mvua za masika zikaja zikapita, na dawa ikamwisha nguvu mwenzake kifundoni, mguu ukarudi kuwa ule ule. Sikumsikia akisikitika hata kidogo. Alikuja akichechemea, na mama akamkaribisha vile vile.

Siku mama aliyofariki, baada ya swala ya alfajiri, mama mkubwa aliletwa kwa tuktuk, watu wawili wakamshika mikono. Wanawake walimpisha njia hadi kwenye kitanda cha kuoshea, kwa maana ahadi ile mtaa mzima uliijua. Aliinama juu ya mama. Akavuta shuka likafika shingoni. Halafu akaomba akalishwe pembeni, akanyoosha mguu wake, akanipa mimi kata ya maji.

Mmoja wa wale wanawake akamwuliza, "Kwani huoshi wewe, bibi? Si ulimwahidi?"

"Mimi wangu nimeshamwosha," akasema. "Haya, mwanangu. Anza kuliani. Polepole."